Re: Mzee anataka Prado na wese linapanda

Kutoka: Dada wa Gungu (Columbus, Ohio)

Wanajamii mwakeye, na wakubwa wote shikamooni.

Naomba ushauri. Baba yetu yuko pale Mwanga, Kigoma mjini, amestaafu, na sisi watoto tunachangishana tumnunulie gari. Mwenyewe ameshasema neno lake: anataka Prado, lile Toyota kubwa la kupanda milima. IST, ile Toyota ndogo, hataki hata kuisikia, anasema hiyo ni ya watoto wa chuo. Hoja yake ni njia ya shambani kule Buhigwe, ila tunaomjua tunajua kuna nyingine. Anataka gari la mtu mwenye watoto Ulaya (kwake Ohio nayo ni Ulaya, tumeshachoka kumrekebisha).

Kaka yangu aliyeko Dar anapinga. Anasema tutakuwa tumemnunulia mzee gari la kuliangalia: mafuta yakipanda litalala chini ya mwembe, naye atarudi kwenye bajaji. Mimi nimebaki katikati, kwa sababu hata huku nina gari la viti saba, la mkopo, na bei ya kituoni ikipanda nakosa raha. Majirani wameanza kuuza ya kwao na kushuka kwenye vigari vidogo. Nami nishuke? Na mzee tumshushe?

Kutoka: Kijana wa Kibirizi (Nagoya)

Dada shikamoo.

Kwanza, la mzee lisitoke huko Marekani. Usukani wake uko upande usio wetu, na spea utazitafuta Kariakoo mpaka soli ziishe. Nunueni huku Japani. Mimi nafanya kazi kwenye yadi ya magari yanayosafirishwa kwenda Afrika, nayaona kila siku yakipakiwa.

Wengi mnadhani Wajapani wanapenda magari madogo kwa sababu barabara zao ni nyembamba. Hilo lipo, lakini kubwa zaidi ni kodi. Kuna daraja la magari linaitwa kei, limewekewa kodi nafuu tangu nchi ilipokuwa hoi baada ya vita. Miaka ya 60 injini ilikomea sisi 360 (cc, yaani ujazo wa injini), mwaka 1976 ikaruhusiwa 550, na tangu 1990 ni 660. Urefu usizidi mita 3.4, upana usizidi 1.48. Kirikuu zinazobeba nyanya na mifuko ya saruji hapo Kigoma ni za ukoo huo huo. Halafu kuna ukaguzi wanaouita shaken: gari jipya linakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama yake si ndogo. Mtu akiona ukaguzi unakaribia, analiuza likiwa bado zima. Ndiyo maana tunapata magari mazuri kwa bei inayoshikika.

Sasa kodi ya nyumbani, maana hapo ndipo mtakapoumia au kupona. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa unafuata injini: isiyozidi sisi 1,000 haitozwi, hadi 2,000 ni asilimia 5, ikizidi hapo ni 10. Kisha uchakavu: gari lenye miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, likizidi miaka 10 ni 30. Juu ya yote hayo VAT asilimia 18. Passo na Vitz za sisi 996 zinapita mlango wa kwanza bure, ndiyo sababu zimejaa Dar kama zilivyojaa. Prado ya lita 2.7, yaani sisi 2,700 hivi, inaingia kundi la juu kabisa. Bajeti ya Juni huwa inabadilisha mambo, kwa hiyo kabla ya kutuma hela ingiza gari lenyewe kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato.

Mkiona gari mtandaoni, ombeni karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari linapouzwa mnadani huku. Juu kuna alama: 4 na 4.5 ni gari lililotunzwa, 3.5 linavumilika, R maana yake liligongwa likatengenezwa. Chini kuna mchoro wa gari lililotandazwa, na kila mkwaruzo umeandikwa A, kila kibonyeo U, na namba ya ukubwa wake. Muuzaji anayekwepa kuwapa karatasi hiyo, achaneni naye.

Kutoka: Msimamizi

Jamani, mnapojibu futeni ujumbe wa chini. Watu wanasoma kwenye simu.

Kutoka: Mzee wa Ujiji (Michigan)

Binti yangu, marahaba.

Usikimbilie kuuza gari lako kwa sababu majirani wanauza. Nimekaa huku muda mrefu, na kila mafuta yakipanda ngoma ni ile ile.

Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilipokata mafuta kwa sababu ya vita na Israel, pipa lilikuwa dola 3 hivi. Mwaka mpya ulipoingia lilikuwa karibu dola 12. Wamarekani wakapanga foleni vituoni, na serikali ikashusha mwendo wa barabara kuu hadi maili 55 kwa saa. Watu waliozoea magari marefu kama mitumbwi ya dagaa wakaanza kuulizia Honda Civic na Toyota Corolla, vigari walivyokuwa wakivicheka. Mwaka 1977 General Motors ikatoa Chevrolet Impala na Caprice mpya, zimepunguzwa uzito karibu kilo 300 na ndani mtu anakaa vilevile. Yakaja mapinduzi ya Iran 1979, bei ikaruka tena. Chrysler ikapiga magoti serikalini kuomba dhamana ya mkopo, na mwaka 1980 Japani ikaipita Marekani kwa wingi wa magari inayounda.

Ukiishia hapo utasema shida imewafundisha. Subiri. Mwaka 1975 Bunge lilipitisha sheria kwamba wastani wa magari ya kila kampuni ufike maili 27.5 kwa galoni ifikapo 1985. Malori mepesi yakawekewa kipimo cha chini, kwa hoja kwamba ni vyombo vya kazi, vya mkulima na fundi ujenzi. Mafuta yalipoporomoka 1986, kampuni zikaona upenyo: chukua fremu ya pikapu, funga viti vya familia, weka kiyoyozi na redio nzuri, liite SUV. Kisheria ni lori. Kwa mwenye nalo ni gari la kupelekea watoto shule. Ford Explorer ya mwaka 1990 ilizaliwa hivyo. Sheria iliyoletwa na njaa ya mafuta ndiyo iliyoacha mlango, na makubwa yote yakapita hapo.

Mwaka 2008 nikaona tena. Julai pipa lilifika dola 147, galoni ikapita dola 4. SUV zikajaa kwenye viwanja vya wauzaji, hakuna anayegeuka kuziangalia. Hummer, gari la wenye nazo, liliacha kuundwa 2010. Magari mapya yaliyouzwa nchi nzima yalishuka kutoka milioni 16 hivi mwaka 2007 hadi milioni 10.4 mwaka 2009. Hapo si mafuta tu, benki nazo zilikuwa zimefunga mikono. Serikali ikamwaga dola bilioni 3 kuwalipa watu wasalimishe magari yanayokunywa mafuta wakachukue yanayobana. Lililosalimishwa zaidi ni Explorer, lililonunuliwa zaidi ni Corolla. Watu wakasema enzi ya magari makubwa imekwisha.

Lakini Desemba ile ile ya 2008 pipa lilikuwa chini ya dola 40! Aliyeuza SUV yake Julai aliitupa, akanunua kadogo kwa bei ya kugombania, na Krismasi akajaza tangi kwa hela kidogo huku akijiuliza alikimbilia wapi. Miaka haikuwa mingi, wote wakarudi kwenye makubwa. Mwaka 2018 Ford ikatangaza kuacha kuuza karibu saluni zake zote hapa Amerika Kaskazini.

Kwa macho yangu, bei ya mafuta inawafanya watu walalamike, lakini gari wanalolinunua linaamuliwa na kodi, sheria na mkopo. Tabia iliyobadilika kweli na kudumu ni nyingine, haina kelele: watu wanakaa na magari yao. Wastani wa umri wa magari ya barabarani huku umeshapita miaka 12. Kwa hiyo wewe uliza deni lako limebaki kiasi gani na gari linauzika kwa kiasi gani. Kama deni limezidi, ukiliuza utabeba lile deni kwenye gari dogo, na hicho unachookoa kituoni utakilipa benki.

Nyumbani ni habari tofauti. Vita vya Kagera vilipoisha 1979, Mwalimu alituomba tufunge mikanda miezi 18, nanyi wenye umri mnajua ile miezi ilivyorefuka. Ikaja amri magari binafsi yasitembee Jumapili kuanzia saa nane mchana. Kwetu Ujiji iliwahusu wachache, maana wenye magari walikuwa wanahesabika. Sisi wengine tulifua kwa majani ya mpapai, tukavaa kafa Ulaya (mitumba), na baiskeli ya Phoenix ilikuwa na heshima kuliko Land Rover ya ofisi iliyokaa bila mafuta. Mtu wa Kigoma mambo yakibana hashuki kutoka gari kubwa kwenda dogo. Anashuka chini kabisa, anatembea. Hilo ndilo la kumfikiria baba yako.

Kutoka: Mama Katubuka (alikuwa Leeds, sasa nyumbani)

Nawasalimu wote. Mzee wa Ujiji shikamoo, hayo majani ya mpapai umenikumbusha mbali.

Mimi nawaandikia kutoka hapa hapa, niwaambie hali ilivyo. Bei mpya za mafuta za EWURA, mamlaka inayozipanga, zinatoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Kigoma huwa tuko upande wa juu wa orodha, kwa sababu lori linayaleta mafuta kutoka Dar, kilometa zaidi ya 1,200. Mwaka 2022 petroli ilipovuka 3,000 kwa lita, serikali ikatoa ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi, lakini mjini mambo yalikuwa yameshajipanga upya. Michomoko ya Kasulu, zile gari ndogo za abiria, ikaanza kubananisha wanne nyuma na wengine kwenye buti. Nauli ikapanda, na ninyi mnajua nauli ikipanda huwa haikumbuki njia ya kurudi. Wenye Prado wengi wakawa wanazitoa kwa harusi na misiba; siku za kawaida ni bodaboda.

Piga hesabu na mimi. Kwenda na kurudi Kasulu ni kilometa 200 hivi. Prado ya petroli ukibahatika inakwenda kilometa 8 kwa lita, hiyo ni lita 25. Kwa 3,000 ni shilingi 75,000, kabla ya chai. Probox au Passo kwa 15 kwa lita ni lita 13 na kitu, elfu arobaini hivi. Pensheni ya mwalimu au karani inaijua tofauti hiyo.

Kuhusu njia ya Buhigwe, mwambieni mzee asitutishe. Kutoka Mwandiga hadi Manyovu ni lami, kilometa 60. Kinachobaki ni kipande cha kuingilia shamba. Vijana wa gereji hapa wanainua IST kwa spesa, Probox wanaiongezea jani la springi nyuma, na inapanda milima ya Manyovu na madumu ya mawese mpaka mkia unagusa chini. Siisifii starehe yake, mgongo unalia. Lakini inafika.

Ningekuwa mimi ningemtafutia RAV4. Iko juu kiasi, ina heshima yake, na fundi yeyote wa Mwanga ameshaifungua.

Kutoka: Kijana wa Kibirizi (Nagoya)

RAV4 ya lita 2.0 injini yake haivuki sisi 2,000. Inabaki kwenye asilimia 5, na ile 10 mtakuwa mmeikwepa kwa kijiko cha chai. Angalieni tu mwaka, isije ikawaingiza kwenye uchakavu wa 30.

Kutoka: Dada wa Gungu (Columbus, Ohio)

Asanteni sana, na Mzee wa Ujiji shikamoo tena.

Nimepiga hesabu ya mkopo kama ulivyoelekeza. Deni limezidi, kwa hiyo naendelea na viti saba vyangu, na siku mbili kwa wiki tunakwenda kazini pamoja na Mkongo wa mtaa wa pili, kwa zamu.

Mzee nimempigia. Lile la Kasulu elfu 75 lilimnyamazisha kidogo, kisha akauliza RAV4 ina rangi gani. Anataka nyeupe, na anataka tairi la spea likae nyuma mlangoni, lionekane. Kijana, naomba karatasi za mnada za zenye tairi mlangoni tu. Kaka wa Dar ndiye atakayelitoa bandarini. Kama kuna mtu anamfahamu dereva mwaminifu wa kulileta kutoka Dar kupitia Tabora na Uvinza, aniandikie pembeni, kabla mzee hajaamua kulifuata mwenyewe.