Wayaringi: kitabu cha kuchapwa au video za simu?

Dogo_Majengo (Moshi): Wadau, habari zenu. Najifunza ufundi umeme, nimejibana nikapata hela ya kitabu kimoja cha wayaringi. Wenzangu wanasema bora nitie bando, kila kitu kipo YouTube. Mliotangulia, nishaurini.

Fundi_Sakina (Arusha): Mdogo wangu, nunua kitabu. Video itakuonyesha mikono ya mtu akifunga soketi, majedwali hutayaona. Mteja wa Kibosho anataka pampu kihambani, yaani kwenye shamba la migomba, mita 50 kutoka nyumbani, inavuta ampia 10. Fungua jedwali la upotevu wa volti: waya wa shaba wa 2.5 (unene wa milimita 2.5 za mraba) hupoteza milivolti 18 kwa kila ampia, kwa kila mita. Zidisha, unapata volti 9 kati ya 230 zinaishia njiani. Hapo unaamua mwenyewe kama uende waya mnene zaidi, wa 4. Na hesabu hiyo mara nyingi unaifanya umeme umezimwa, simu imekufa chaji.

Mwanamama_Testa: Shikamoo fundi. Jedwali sawa, ila kitabu kipi? Vingi vya mtumba ni vya Uingereza, vya kabla ya 2004. Humo waya moto ni mwekundu, nyutro (waya wa kurudisha umeme) nyeusi, na kwenye umeme wa fezi tatu, yaani nyaya moto tatu, bluu ni fezi. Wenyewe walibadilisha rangi mwaka huo: sasa bluu ndiyo nyutro, nyeusi ni fezi. Ukifuata kitabu hicho kwenye nyaya mpya unashika moto ukidhani nyutro! Dogo, soma mwaka wa chapa kabla hujalipa.

Umeme_Njoro: Video nazo vilevile. Marekani soketi za kawaida ni volti 120, nyeusi ndiyo moto, nyeupe nyutro. Watu wanaiga bila kuuliza video imetoka nchi gani. Testa kwanza, rangi baadaye.

Fundi_Sakina: Marahaba mama. Kwa rangi umenena. Changu cha zamani sikitupi, maana kanuni ya Ohm ni ileile tangu 1827, ila nimebandika rangi mpya ndani ya jalada.

Sola_UsaRiver: Sisi wa inveta, vile vifaa vya kugeuza umeme wa sola uwe wa nyumbani, tunategemea mtandao. Kila modeli ina mwongozo wake. Napakua wa mtengenezaji mwenyewe, naprinti steshenari kurasa za michoro tu.

Dogo_Majengo: Asanteni sana. Nilichokuwa nakitazama ni chapa ya 1998, nakiacha. Mwenye kujua duka la Arusha lenye vipya anielekeze.