Naomba ushauri: viputo vya hewa ndani ya dizeli

Wakuu, habari za muda huu. Kuna jamaa ananishawishi nifunge kwenye injini yangu ya dizeli kifaa cha kuchanganya mafuta na viputo vidogo mno vya hewa, chini ya mikromita 1. Eti mafuta yataungua vizuri na moshi mweusi utapungua.

Kinachonitatiza: mwaka jana mpira wa mafuta ulipasuka, hewa ikaingia, injini ikagoma kabisa. Fundi alilegeza nati za nozeli (vinyunyizio vya mafuta), tukapiga starta mpaka povu likaisha ndipo ikawaka. Leo niingize hewa kwa makusudi?

Halafu kilo 1 ya dizeli huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote. Hivyo viputo vitaongeza nini hapo? Labda vinasaidia mafuta kutawanyika matone madogo zaidi yakitoka kwenye nozeli, hilo naweza kulielewa. Ila kwenye injini za komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote), ambako presha inapita baa 1,000, si vitakuwa vimeshayeyuka humo humo?

Aliyewahi kukitumia anieleze: ulaji wa mafuta ulipungua kweli, kwa kupima lita? Na pampu je, ilibaki salama?