Mjadala: Urefu peke yake unatosha kumwita mtoto nyota wa kikapu?

Wadau wa kikapu wa Malindi na jirani zetu wa Lamu, hili tulizungumze wazi. Mashindano ya shule yakikaribia, wachaguzi wa timu hutazama juu tu. Mtoto wa miaka 15 aliyerefuka kuliko mwalimu wake, hata kudunda mpira hajajua, tayari anaitwa nyota. Yule mfupi anayeona nafasi ya pasi kabla ya wenzake anaambiwa asubiri benchi. Tunawakosea wote wawili.

Mkumbukeni Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika drafti ya NBA, yaani siku ambayo timu za ligi kuu ya kikapu ya Marekani huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Alikuwa kijana wa futi 7 na inchi 3. Wa saba akawa Stephen Curry, ambaye wengi walimwona mwembamba mno. Curry ametwaa ubingwa mara 4. Thabeet hakupata namba ya kudumu. Simlaumu Thabeet hata kidogo, ndiye Mtanzania wa kwanza kufika huko. Nawalaumu waliopima urefu wakaona kazi imekwisha.

Mimi humtazama mtoto akishapoteza mpira. Anarudi mbio kukaba, au anasimama kumlalamikia refa? Halafu akili. Viwanja vyetu viko wazi, na kusi ikivuma mpira wa mbali unapinda. Kuna binti nimemwona akikosa mara mbili, akasogea pembeni, akaanza kugonga ubao na mpira ukawa unaingia. Hakuna aliyemwelekeza. Timu ilipotajwa, hakuwemo, eti mfupi.

Mchangiaji, Lamu: Kaka, nakuheshimu, lakini urefu haufundishwi. Hakeem Olajuwon, Mnigeria aliyekuja kuwa nyota wa NBA, alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi, kule Lagos. Angepimwa kwa ujuzi siku ile, angeachwa. Na mtoto wa kisiwani asiyewahi kupata kocha, ujuzi wake utaupimaje?

Mleta mada: Hapo umesema kweli, ndugu yangu. Ila Olajuwon hakuja mikono mitupu. Alikuwa amecheza kandanda na mpira wa mikono, na wepesi wa miguu yake ulitoka huko. Basi mtoto wa Lamu tumtazame anapolinda goli ufukweni, tusingoje aje uwanjani siku moja ya mchujo. Ninachopinga ni hiyo siku moja. Walimu wa michezo, mko tayari kumpa kila mtoto muhula mzima kabla ya kumkata?