Daraja jipya la Karuma: fedha za serikali kuu huombwaje?

Mfanyabiashara, Bweyale
Ndugu zangu, daraja la Karuma katika barabara ya Kampala–Gulu lilijengwa mwaka 1963, na lilipofungwa Septemba 2024 kwa matengenezo, malori yalilazimika kuzunguka mbali. Mahindi yangu yaliota ukungu ndani ya magunia kabla hayajafika sokoni. Tunahitaji daraja jipya, si viraka. Je, ombi letu lianzie wapi?

Mwalimu mstaafu
Barabara hiyo ni ya taifa, kwa hiyo wilaya peke yake haiwezi kuijengea daraja. Mwandikieni mbunge wenu pamoja na Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, tena mapema, kwa sababu mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na mapendekezo ya awali ya bajeti hufikishwa bungeni kabla ya Desemba kwisha. Ombi la mwezi Mei limechelewa.

Fundi wa ujenzi, Jinja
Mwalimu amesema kweli. Daraja letu jipya la Nile, lenye urefu wa mita 525, lililofunguliwa Oktoba 2018, lilijengwa kwa mkopo wa Japani na mchango wa serikali yetu, na mkopo wa namna hiyo haupatikani bila upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kuona kama mradi unawezekana na una faida. Basi ombeni kwanza fedha za upembuzi na usanifu, mkiambatanisha hesabu ya hasara kama hiyo ya mahindi.

Mfanyabiashara, Bweyale
Asante, mwalimu, asante, fundi. Stakabadhi za magunia yale ninazo zote, na nitaziambatanisha na barua.