Mgombea wetu ametuambia kuwa Moshi haina uchumi, ina Desemba

Wanajukwaa, nimetoka mkutanoni sasa hivi na ninaandika kabla hasira haijatulia. Sina haja ya kumtaja mgombea huyu wa udiwani, kwa sababu kila anayenunua nyanya Mbuyuni anamfahamu, na asiyemfahamu kwa sura ameshaamshwa na vipaza sauti vyake tangu alfajiri. Amesimama mbele ya kina mama wa sokoni, wengine wakiwa wameacha meza zao bila mwangalizi ili wamsikilize, akasema: "Moshi hamna uchumi, mna Desemba," yaani tunaishi kwa fedha za wanaorudi nyumbani Krismasi. Kisha akacheka. Akawageukia wapambe wake, nao wakacheka.

Wasifu wake uliosomwa jukwaani ulidai kwamba ni mtoto wa Pasua, hapahapa Moshi, kwamba amekulia katika dhiki, kwamba aliuza maandazi akiwa darasa la tatu na kubeba mizigo stendi akiwa darasa la tano. Kwa maandazi yaliyotajwa pale, Pasua nzima ingekuwa imeshiba hadi leo, lakini hakuna mzee hata mmoja aliyenyoosha mkono kusema kwamba aliwahi kununua moja. Tunachokijua sisi ni kwamba anaishi Dar es Salaam, kwamba huonekana huku wiki ya Krismasi ndani ya gari lenye vioo vyeusi, hupita mjini bila kushusha kioo, hupanda Kibosho kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba yake, huchinja, hula, na mwaka mpya ukiingia ameshavuka Same. Mtu huyo ndiye anayewaambia kina mama wanaoamka saa kumi usiku kupokea ndizi za Rombo na Uru kwamba wao wana Desemba tu!

Maono yake ya uchumi ni kuigeuza Moshi kuwa Dubai ya Kaskazini. Kutakuwa na maghorofa ya vioo, na wanaouza kandokando ya barabara watahamishiwa "mahali pazuri", ambapo hakupataja. Ahadi zake zikipangwa mstari zitafika Himo na nyingine zitabaki za kupeleka Holili. Kahawa hakuigusa kabisa. Wakulima wa kahawa wa mlima huu waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, kikafuatiwa na chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933. Bodi ya Kahawa iko hapa. Chuo cha Ushirika kilianza hapa mwaka 1963 na leo ni chuo kikuu. Na bado mtu anashika kipaza sauti na kutuambia kwamba hatuna uchumi. Je, wagonjwa wanaoletwa hospitali ya KCMC huugua Desemba peke yake? Wapagazi wanaopandisha mizigo Machame na Marangu kuanzia Juni hadi Oktoba wanabeba Desemba mgongoni?

Tena akacheka, jambo ambalo siwezi kulimeza. Ninataka arudi palepale, mbele ya kina mama walewale, aombe radhi.

Mkazi wa Njoro: Nilikuwepo, na mleta uzi amepunguza makali. Mgombea huyo alipanda jukwaani bila kuwaamkia wazee waliokaa mstari wa mbele. Mtu aliyelelewa Pasua hawezi kuwapita wazee bila shikamoo, hata kama ana haraka kiasi gani. Mimi ndipo nilipojua kwamba wasifu ule ni wa kutunga.

Mama Wawili: Mimi ni mmoja wa walioacha meza. Nilirudi nikakuta fungu la vitunguu halipo. Nimetukanwa na nimeibiwa katika saa moja.

Kinyozi wa Majengo: Ndugu mleta uzi, hasira yako ninaielewa, lakini hoja yako siioni. Umeandika aya nzima kuhusu maandazi. Mimi nina saluni ya kiume, na wiki mbili za mwisho za Desemba ndizo zinazonilipia kodi ya fremu, kwa sababu wanaotoka Dar es Salaam na Nairobi hunyoa bila kuuliza bei. Mei nafagia, nakaa, nafagia tena. Alichosema mgombea ni kweli, na kweli haigeuki kuwa tusi kwa sababu imesemwa na mwenye vioo vyeusi.

Mleta uzi: Kijana wa Majengo, ninakuheshimu, lakini wewe unasema hivyo kwa uchungu na yeye alisema akicheka. Kama Mei ni ngumu, basi atueleze atafanya nini Mei. Hakueleza. Alicheka.

Afisa Mstaafu: Naomba niongeze lililo zito zaidi ya kicheko. Mgombea huyo alijinadi kwamba "atawaletea" kina mama mikopo isiyo na riba. Mikopo hiyo ipo kwa mujibu wa sheria, na kila halmashauri nchini inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Diwani ana wajibu wa kusimamia ili vikundi halali vipate fedha hizo na zirejeshwe, na wala hazitoki mfukoni mwake. Anayeahidi kutugawia kilicho chetu asihesabiwe kuwa na maono.

Mama Wawili: Kikundi chetu kinazungushwa na fomu hizo hadi leo. Diwani atakayefuatilia hilo ndiye nitakayempa kura, hata akizaliwa mwezini.

Mkazi wa Sakina: Watu wa Moshi mnalalamika kwa sababu hamjamsikia wa kwetu Arusha. Uwanja wa AFCON 2027 unaojengwa Olmoti ni mradi wa Serikali, lakini yeye anausimulia kama nyumba aliyojenga kwa akiba yake, na swali lolote kuhusu maji au vijana wasio na kazi hulijibu kwa kuutaja uwanja. Afadhali ninyi mmeachiwa Desemba. Sisi tumebaki na wiki chache za mpira.

Mkazi wa Njoro: Arusha hamna haki ya kulalamika katika uzi huu. Mtalii anashuka KIA, uwanja wa ndege ulio Hai mkoani Kilimanjaro, anakuja kupanda mlima ulio Kilimanjaro, kisha analala na kulipia safari yake Arusha.

Mkazi wa Sakina: Analala Arusha kwa sababu anakwenda Tarangire na Ngorongoro. Jengeni hoteli zenu.

Kinyozi wa Majengo: Hoteli tunazo, na zinajaa Desemba.

Mkazi wa Njoro: Kinyozi, usimsaidie huyu. Mkazi wa Sakina, nijibu kwanza hili: kampuni zinazopandisha wageni mlima wetu zikiwa na ofisi kwenu, leseni na ushuru vinalipwa katika halmashauri ipi?