Kurejesha Windows: zana zake yenyewe au programu ya nje? Naomba ulinganisho kabla sijanunua

Steshenari Mwanga
Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini: kompyuta mbili za mezani, printa na mashine ya fotokopi. Wiki iliyopita umeme ulikatika mara tatu ndani ya saa moja. Kompyuta kubwa ilipowashwa ikawa inasema inajiandaa kujirekebisha, inazunguka, inazima, inaanza tena. Benchi limejaa vijana wa maombi ya mkopo wa HESLB, na mimi sina la kuwaambia. Fundi akapiga Windows upya. Vilivyokuwa diski D vilisalimika, vya kwenye desktopu vikaenda. Kurudisha draiva za printa, programu ya picha za pasipoti na fonti za kadi za harusi kumenila siku mbili nzima.

Sasa mmoja ananiambia Windows ina kila kitu, niwashe System Restore nilale. Mwingine anasema hiyo haina maana, ninunue programu ya nje ya kulipia kila mwaka. Kwa biashara kama yangu nishike lipi? Bando langu ni la kuhesabu.

Fundi Ujiji
Pole sana dada. Wote wawili wamekupa nusu.

System Restore ipo tangu Windows Me ya mwaka 2000. Inachorudisha ni mafaili ya mfumo, draiva, rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) na programu, kama vilivyokuwa siku ilipowekwa alama ya kurejea, yaani restore point. Barua na picha zako haizigusi, kwa hiyo ukifuta barua ya mteja usiitegemee. Lakini rejista ikiharibika kwa kuzimika ghafla, ina nafasi nzuri ya kukuinua bila kupiga Windows upya. Shida ni kwamba kwenye kompyuta nyingi zinazofika mezani kwangu System Restore imezimwa. Andika "restore point" kwenye sehemu ya kutafutia, chagua diski C, iwashe, ipe nafasi kama asilimia 5 hadi 10. Alama za zamani hujifuta zenyewe nafasi ikijaa, na Windows 11 toleo la 24H2 inazitunza hadi siku 60 tu.

Kuna na Reset this PC, ya kuipiga Windows upya kutoka ndani yake. Ukichagua kubakiza mafaili, nyaraka zako zinabaki ila programu ulizojiwekea zinaondoka zote, unaachiwa orodha yake kwenye desktopu. Zile siku mbili zako za draiva na fonti zingekuwa palepale. Ikikuuliza ipakue Windows mtandaoni au itumie iliyomo, wewe chagua iliyomo: ya mtandaoni inaweza kula zaidi ya GB 4.

Fleshi ya kurejeshea nayo itengeneze leo, GB 32 inatosha, ila usitumie yenye vitu vyako maana inafutwa yote. Hiyo inakuwashia mashine iliyogoma. Programu zako hazimo.

Picha za Harusi KGM
Fundi amesema kweli, ila kuna jambo lazima dada alisikie mapema: alama za System Restore zinakaa kwenye diski ileile unayoilinda. Diski ikifa, zinakufa nayo. Mimi yangu ilianza kugonga tik-tik usiku mmoja, asubuhi haionekani kabisa. Harusi mbili zilikuwemo, moja ya watu wa Uvinza waliokuwa wameshanilipa. Picha nilizipata kwa sababu kadi za kamera nilikuwa sijazifuta. Lakini mpangilio wote wa kazi, programu, rangi nilizozitengeneza kwa miaka, vilikwenda.

Tangu hapo nachukua imeji, yaani nakala ya diski nzima na Windows na programu zake, kwenda diski ya nje kwa programu ya Clonezilla. Ni ya bure, inawashwa kutoka kwenye fleshi Windows ikiwa imelala, na haihitaji intaneti ukishaipakua. Inanakili sehemu zenye data tu: diski ya GB 256 iliyotumika GB 70 haikuli GB 256 kwenye diski ya nje. Diski ikifa naweka mpya, narudisha, naendelea nilipoishia, fonti zikiwemo.

Mwalimu Kasulu
Naunga mkono imeji, lakini dada asianze na Clonezilla peke yake. Ina menyu za maandishi matupu, na ukichanganya diski ya kutoka na ya kwenda unafuta ile uliyotaka kuiokoa. Nilitetemeka mara ya kwanza, nasema kweli. Atumie Rescuezilla: kazi ni ileile, imeji zao zinasomana, ila unatumia mausi na unaona ukubwa wa kila diski kabla ya kubonyeza.

Kabla ya kuanza, izime Windows kabisa kwa kushikilia Shift unapobonyeza kuzima. Ukiizima kwa kawaida inakuwa imelala nusu kwa ajili ya kuwaka haraka, na programu hizi zinaweza kukataa kuinakili. Nilipoteza jioni nzima nikidhani fleshi ni mbovu.

Mhasibu wa Tabora
Samahanini, mbona Windows nayo ina kuchukua imeji? Ipo kwenye Control Panel, imeandikwa Backup and Restore (Windows 7). Ofisini kwetu Tabora ndiyo tunayotumia.

Fundi Ujiji
Ipo kaka, na bado inafanya kazi. Lakini Microsoft walitangaza mwaka 2017 kwamba hawaiendelezi tena, wakashauri watu watumie za nje. Pia haikubali kurudisha kwenye diski ndogo kuliko ya mwanzo. Hata Clonezilla kwa kawaida ina sharti hilo, kwa hiyo diski ya akiba iwe sawa au kubwa zaidi. Kama mmeshawahi kuirudisha mkaona inawaka, endeleeni nayo. Kama hamjawahi, jaribuni mwezi huu kwenye diski nyingine.

Kuhusu ya kulipia: faida yake ni kufanya kazi wewe ukiendelea kuchapa, kwa ratiba, na kila siku inachukua kilichobadilika tu. Kwa ofisi ya uhasibu hiyo ina thamani. Ila Veeam Agent ya bure nayo inafanya hivyo. Na programu ya bure leo inaweza kubadilika kesho: Macrium Reflect ya bure ilifungwa mwanzoni mwa 2024. Tunza fleshi yako na imeji zako, usitegemee ukurasa wa mtu.

Dada, kabla ya chochote angalia kama BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski kwa ufunguo, imewashwa. Imewashwa? Andika ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye daftari la duka. Diski iliyofungwa hivyo, Clonezilla inainakili yote mpaka sehemu tupu, inachukua muda mrefu sana.

Na diski ikianza kugonga, usikimbilie chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Nakili kwanza kilichobaki, kurekebisha baadaye.

Picha za Harusi KGM
Hapo kwenye chkdsk ndipo nilipojimaliza. Asante kwa kulisema.

Steshenari Mwanga
Wakuu, narudi na majibu, leo Jumapili duka limefungwa. BitLocker haikuwashwa. System Restore nimeiwasha zote mbili. Kompyuta kubwa nimechukua imeji kwa Rescuezilla, ikanichukua kama dakika arobaini. Sikuamini mpaka nione, nikachomoa diski yake ya GB 256, nikaweka ya zamani ya GB 500, nikarudisha. Imewaka taratibu kidogo, lakini printa imetoa karatasi bila kuuliza draiva, na fonti za kadi zote zipo. Nimekaa nikaitazama ile karatasi.

Programu ya kulipia nimeiacha. Ile hela naongezea kwenye UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, maana chanzo cha yote ni umeme. Diski ya nje nitaipeleka nyumbani, isikae dukani na kompyuta. Fundi, swali moja limebaki: imeji nichukue upya kila baada ya muda gani?

Fundi Ujiji
Kila unapoongeza programu au printa mpya. Zaidi ya hapo, mara moja kwa mwezi, na ile ya zamani usiifute mpaka mpya umeihakiki. Barua za wateja zenyewe nakili kila jioni, hizo hazisubiri mwezi.