Presha ya Shangazi

Shangazi Mwajuma: Asalaam aleikum wanangu. Leo siku ya nane natafuna punje mbili za kitunguu swaumu kila asubuhi. Kichwa hakigongi tena! Vile vidonge vya presha nimeviweka kabatini.

Salma: Waaleikum salaam, shikamoo shangazi. Umepima?

Shangazi Mwajuma: Marahaba. Nipime nini na mwili mwepesi hivi?

Salma: Presha haina kawaida ya kuuma, shangazi. Mtu namba yake ya juu inafika 180 na bado anafua, anapika, anaenda harusini. Vidonge usiache, nakuomba.

Baba Hamisi: Marehemu kaka naye alikuwa mzima wa afya mpaka asubuhi ile alipodondoka bafuni. Dada, msikilize mtoto.

Mamdogo Zuhura: Lakini kitunguu swaumu ni dawa tangu enzi za bibi, jamani.

Salma: Ni kweli mamdogo, na presha kinaishusha, ila kidogo. Aliye na 170 hakimfikishi panapotakiwa. Na mnaopikia: mkishakitwanga kiacheni kama dakika 10 ndipo mkitie kwenye mafuta. Ile nguvu yake, alisini, inajitengeneza kikishapondwa. Moto ukiwahi, haitengenezeki.

Mamdogo Zuhura: Kumbe! Mimi kinatoka kwenye kinu kinaingia sufuriani.

Baba Hamisi: Na sisi wa aspirini?

Salma: Cha kwenye mchuzi hakina neno baba. Kukitafuna kingi kila siku, muulize daktari kwanza, maana vyote viwili vinazuia damu kuganda. Ukipangiwa upasuaji pia useme.

Shangazi Mwajuma: Salma mwanangu, nikwambie ukweli. Vile vidonge vinanivimbisha miguu. Jioni viatu haviingii. Ndiyo maana.

Salma: Ungesema mapema shangazi yangu 😢 Amlodipini, hivyo vidonge vyako, inawavimbisha baadhi ya watu. Dawa za presha ziko aina nyingi, daktari anaweza kukubadilishia. Usikae bila dawa kwa ajili ya miguu.

Baba Hamisi: Na ng'onda apunguze. Chumvi kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye samaki.

Shangazi Mwajuma: Ng'onda tena 🙈

Mamdogo Zuhura: Nimempeleka hapo duka la dawa, kapimwa mara mbili. 168 kwa 102.

Salma: Haya. Kesho saa moja asubuhi nakuja na bajaji, tunaenda kliniki. Shangazi, weka vidonge vyote kwenye mfuko, na daftari lako la kliniki.

Shangazi Mwajuma: Nimeshaviweka mlangoni.